Ijumaa saa nne na nusu: uchambuzi wa kisa cha Agosti 7

Wacha nianze na saa, juu kwangu kisa chote kimejificha hapo kwa saa. Bomu la ubalozi wa Marekani hapa Nairobi, Agosti 7, 1998, lilipangiwa Ijumaa kati ya saa nne na nusu na saa tano asubuhi. Haikuwa kubahatisha. Mmoja wa wale wawili waliokuja na lori, kijana wa Saudia anaitwa Mohamed al-Owhali, baada ya kushikwa aliwaambia makachero wa FBI kwamba huo muda ulichaguliwa kwa sababu Mwislamu mwenye dini yake siku ya Ijumaa wakati kama huo anakuwa msikitini, kwa hivyo hatakuwa barabarani. Yaani walikaa chini wakapima. Walikuwa na hesabu yao ya nani asife.

Sasa kuna mzee mmoja wa Majengo anatembeza kahawa na birika lake karibu na msikiti wa Jamia tangu enzi za Moi, sisi tunamwita Babu tu. Juzi nikamuuliza, Babu, Ijumaa saa nne na nusu wewe huwa wapi? Akaniangalia kama mtu amepotea njia. "Saa nne na nusu? Adhana si ni saa sita na nusu huko! Saa nne na nusu mimi niko River Road natafuta riziki, na hata huyo imamu pengine bado anapiga kanzu pasi." Akacheka, akanimiminia kikombe cha pili bila kuniuliza kama nataka.

Hayo masaa mawili kati ya lile lori na ile adhana, hayo ndo nataka tuyaangalie. Juu watu wengi wakiongelea mizizi ya ugaidi wanakimbilia moja kati ya maneno matatu, ama ni dini, ama ni umaskini, ama ni chuki tu, halafu stori inaisha hapo. Mi naona kuna swali lingine linasaidia zaidi, nalo ni hili: katika hiyo fikra yao, damu ya nani ni halali, na ilikuaje ikawa halali? Ukifuata hilo swali utafika Misri, Afghanistan, Sudan, hata Urusi ya kina Tsar, kabla urudi hapa kona ya Moi Avenue na Haile Selassie.

Kwanza siku yenyewe. Anti yangu, mdogo wake mamangu, alikuwa anapiga chapa kwa ofisi moja ghorofa ya tisa pale Co-op House, hilo jengo refu lililokuwa nyuma ya ubalozi. Lori lilipofika geti la nyuma soja akakataa kuinua kizuizi. Soja Mkenya, mtu wa mshahara mdogo, hakuwa hata na bunduki. Al-Owhali akashuka, na koti lake lenye bastola akalisahau ndani ya lori (hao ndo mashujaa walioimbiwa nyimbo huko Afghanistan, mtu amesahau bastola kwa gari), ikabidi arushe guruneti la kishindo halafu akatoka mbio. Sasa nyinyi mnajua watu wa Nairobi. Sisi tukisikia kishindo hatukimbii, sisi tunaenda kuchungulia. Ofisi nzima ikaamka kwenye viti, watu wakajazana dirishani, ofisi za upande huu na za upande ule, kila mtu anauliza ni nini hiyo. Anti anasema alikuwa wa tatu kufika, na mbele yake kulikuwa na wasichana wawili wenye walikuwa wameanza kazi mwaka huo, mmoja akamwambia sogea hapa utaona vizuri.

Sekunde chache baadaye lori likalipuka na vioo vyote vya hiyo pande vikaingia ndani.

Wale wawili hawakurudi nyumbani. Anti alipoteza jicho la kushoto, na mpaka leo ukikaa naye upande huo anageuza kichwa chote ndo akuone, kama kuku anayesikiliza kitu. Yeye mwenyewe ndo hujifananisha hivyo, mi singethubutu. Jumla waliokufa Nairobi ni 213, na kati ya hao Wamarekani ni 12. Waliojeruhiwa ni maelfu, na wengi ni macho, juu ya hayo madirisha. Jengo la Ufundi lililokuwa limebanana na ubalozi, lenye kolegi ya mafunzo ya ukarani ndani, likalala chini kama chapati. Dakika chache tu kutoka hapo bomu la pili likapiga ubalozi wa Dar es Salaam, likaua watu 11.

Sasa hao watu wa al-Qaeda, kikundi cha Osama bin Laden, walitoka wapi? Hawakuingia usiku mmoja. Mwishoni mwa 1993 jamaa anaitwa Ali Mohamed, Mmisri aliyekuwa sajini kwa jeshi la Marekani lenyewe, alikuja hapa tao akapiga picha za ubalozi, na mwaka 2000 mahakamani New York akakiri kwamba picha zilipelekwa Khartoum na Osama bin Laden akaziangalia mwenyewe. Wadih el-Hage, aliyekuwa karani wa bin Laden, aliishi Nairobi na familia yake tangu 1994 akiendesha shirika la misaada. Kuna mwingine, kamanda wao mkubwa wa kijeshi, Abu Ubaidah al-Banshiri, huyu alikufa maji Mei 21, 1996 kwenye meli ya MV Bukoba karibu na Mwanza, ziwani pamoja na mamia ya watu waliokuwa wanarudi nyumbani na mikungu yao ya ndizi. Watu wengi hawajui hii. Mtu mwenye mpango wa kupiga Marekani alizama na abiria wa kawaida, na wenzake wakatumwa huko kutafuta kama kweli amekufa. Agosti 1997 polisi wakaingia nyumba ya el-Hage hapa Nairobi wakachukua kompyuta yake, akahama, na bado kazi ikaendelea chini ya Fazul Abdullah Mohammed wa Comoro. Bomu lenyewe lilitengenezwa kwa nyumba ya kupanga huko Runda, mtaa wa maua na kuta ndefu ambako jirani hamjui jirani.

Runda! Kwa hivyo ukija na ile hoja ya umaskini mi nakusimamisha hapo. Al-Owhali alizaliwa Liverpool kwa familia tajiri ya Kisaudi. Bin Laden ni mtoto wa kampuni ya ujenzi. Ayman al-Zawahiri, msaidizi wake mkuu, alikuwa daktari wa upasuaji kutoka familia kubwa ya Cairo. Umaskini unaweza kukuletea vijana wa kubeba mizigo, sikatai, tumeona hapa kwetu baadaye vile kijana asiye na kazi anaahidiwa dola na anavuka mpaka. Lakini fikra yenyewe ilitungwa na watu walioshiba.

Na ilitungwa wapi? Sehemu kubwa ilitungwa jela. Sayyid Qutb, Mmisri, alikuwa mwalimu na mhakiki wa fasihi, serikali ikampeleka Marekani kusoma 1948 mpaka 1950, akarudi amechukizwa. Lakini kilichombadilisha zaidi, mi naona, ni jela ya mtawala wa Misri, Gamal Abdel Nasser, kuanzia 1954, mateso, wenzake kupigwa risasi ndani ya jela ya Tora mwaka 1957. Qutb akajiuliza, huyu anayenitesa anaswali, anafunga, anajiita Mwislamu, inawezekanaje? Jibu lake likawa kwamba si Mwislamu, na jamii yote inayotii sheria za binadamu badala ya za Mungu imerudi kwenye ujahilia wa kabla ya Mtume. Hapo ukuta wa kwanza ukaanguka. Mtawala Mwislamu akawa halali. Nasser akamnyonga Agosti 29, 1966, na Zawahiri, aliyekuwa na miaka 15 tu, mwaka huo huo akaanzisha kikundi chake cha siri.

Ukuta wa pili akaubomoa fundi wa umeme, Abd al-Salam Faraj. Huyu alichukua fatwa ya Ibn Taymiyya, mwanachuoni wa miaka 700 nyuma, kuhusu Wamongoli, wale waliosilimu lakini wakaendelea kutawala kwa sheria za Genghis Khan, akasema Anwar Sadat, rais aliyemfuata Nasser, ni Mmongoli. Sadat akapigwa risasi Oktoba 6, 1981. Mufti wa Misri, Jad al-Haqq, alikaa akamjibu Faraj hoja kwa hoja, akasema huyu amenyofoa maneno kutoka mahali pake, na ni kweli, lakini vijitabu vilikuwa vimeshatembea. Na angalia ni nani wanatoa fatwa hapa: mwalimu wa fasihi, fundi umeme, baadaye daktari, baadaye mwana wa mkandarasi. Mtu aliyesoma dini sawasawa katika hiyo safu ni Abdullah Azzam, huyo alikuwa na shahada ya udaktari ya chuo cha Azhar, Cairo, na yeye alikuwa anaongelea ardhi iliyovamiwa, Afghanistan na Wasovieti, kwamba kuitetea ni wajibu wa kila Mwislamu. Azzam akalipuliwa Peshawar Novemba 1989. Lile jina lake likabaki linatembea, hata yule dereva wa lori la Nairobi alikuwa anajiita Azzam.

Halafu Saddam Hussein akaingia Kuwait, na mfalme wa Saudia badala ya kuwatumia kina bin Laden akawaita Wamarekani. Jeshi lilianza kutumwa Saudia Agosti 7, 1990. Soma hiyo tarehe tena. Sijui watu wangapi wanaopita hapo Moi Avenue wakienda kupanda matatu za Railways wanajua kwamba hiyo siku kwa hao jamaa ilikuwa anivasari.

Lakini mpaka hapo bado Anti hajaingia kwa orodha. Mtawala ni halali, mwanajeshi wa kigeni ni halali, sawa, na karani wa ghorofa ya tisa je? Hapo ndo tunafika Sudan, mwanzo wa miaka ya 90, bin Laden akiishi Khartoum. Jamal al-Fadl, Msudani aliyekuwa mwenzao akawatoroka, alisimulia mahakamani New York mwaka 2001 kwamba kulikuwa na darasa lililotolewa na Mamdouh Mahmud Salim, waliyemwita Abu Hajer. Akarudia tena wale Wamongoli wa Ibn Taymiyya. Akasema mtu aliye karibu na adui, anayemuuzia na kununua kwake, naye pia halali kuuawa. Na kama alikuwa mtu mwema? Basi ataenda peponi. Na kama alikuwa mbaya? Ataenda motoni. Kwa hivyo usiwe na wasiwasi.

Mi nilisoma hiyo mara tatu. Hakuna chuki hapo ndani, na hiyo ndo inatisha. Ni hesabu ya duka. Anti hakuchukiwa na mtu yeyote, alipangiwa tu rafu ya "vyovyote vile itakuwa sawa". Februari 23, 1998 bin Laden, Zawahiri na wenzao watatu wakaandika wazi kwamba kuua Wamarekani na washirika wao, raia na wanajeshi, ni faradhi ya kila Mwislamu popote, na ikifika Agosti ile kolegi ya Ufundi ilikuwa imeshakufa kwenye karatasi.

Sasa usije ukafikiri huu ni ugonjwa wa dini moja. Paris, Februari 1894, kijana mwanaharakati asiyeamini Mungu wala serikali, Émile Henry, alirusha bomu kwenye mkahawa wa Terminus, watu wanakunywa bia na kusikiliza muziki, na mahakamani akajitetea kwamba kati ya mabepari hakuna asiye na hatia. Ni hoja ya Abu Hajer kabisa, miaka karibu 100 kabla, bila aya hata moja. Halafu kuna upande mwingine. Moscow, Februari 1905, mwanamapinduzi Ivan Kalyaev ameshika bomu la kumuua Sergei, ami yake Tsar, gari la farasi likakaribia, akaona ndani kuna mke na watoto wa ndugu yake Sergei, akashusha mkono. Akamuua siku mbili baadaye, wakati mke na watoto hawakuwa naye. Wote wawili, Henry na Kalyaev, serikali ziliwaita magaidi na zikawaua, na neno lenyewe la Kizungu hata halikuzaliwa na hao, lilizaliwa kuelezea serikali ya mapinduzi ya Ufaransa ya 1793 na 1794, wakati Robespierre alikuwa anakata watu vichwa na kuita huo utisho ni haki.

Na sisi hapa tunalijua hilo neno kwa ngozi. Kikuyu wa kizazi cha nyanya yangu aliitwa gaidi na Mwingereza tangu Oktoba 1952, Dedan Kimathi akanyongwa Kamiti Februari 1957 kama gaidi, na sheria iliyopiga Mau Mau marufuku ilikaa kwa vitabu vyetu wenyewe mpaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru! Leo sanamu ya Kimathi iko tao, watu wanapigia picha. Ndo maana neno peke yake siliamini, halinisaidii kuchambua. Lakini pia sitaki ile ujanja ya "gaidi wa huyu ni shujaa wa yule" halafu mtu anakunja mikono, juu Mau Mau nao kuna usiku wa Lari, Machi 1953, familia za watu zilichomwa ndani ya nyumba, na kuwa na haki ya ardhi hakufanyi hiyo kuwa haki. Mi narudi tu kwa swali langu, damu ya nani.

Nairobi yenyewe ilikuwa imeshaonjeshwa kabla. Desemba 31, 1980 hoteli ya Norfolk ililipuliwa, watu kama 20 wakafa, na hiyo ilihusishwa na kisasi cha Entebbe, Uganda, vile ndege za Israel zilizoenda kuokoa mateka huko zilitua hapa kujaza mafuta 1976. Hiyo ilikuwa ya Wapalestina wa mrengo wa kushoto, kina Marx, si ya swala. Lakini mpangilio ni ule ule: ugomvi wa wengine, na anayekufa ni mhudumu wa Nairobi.

Turudi kwa al-Owhali na ile list yake, juu aliulizwa kwa nini Nairobi. Kuna Wamarekani wengi ubalozini, akasema. Ni rahisi kupiga. Balozi ni mwanamke, akiuawa itatangazwa sana. Maofisa wake wanahusika na mambo ya Sudan. Kuna wamishonari. Isome yote, Mkenya hayuko. Hatajwi hata kama adui. Balozi mwenyewe, Prudence Bushnell, siku hiyo alikuwa Co-op House kwenye mkutano na waziri wa biashara Joseph Kamotho, jengo lile lile la Anti, akatoka na majeraha, na alikuwa ameshaandikia wakubwa wake Washington kwamba ubalozi uko barabarani mno. Hawakumsikiza.

Na Waislamu wa Nairobi ndo wako kwa mpango, kinadharia, wamewekwa msikitini saa nne na nusu, mahali hawakuwepo. Walikuwa kwenye foleni za benki, kwenye matatu, kwa maduka ya Moi Avenue, na wakafa na wengine. Baadhi ya hao jamaa wa bin Laden waliishi Kenya miaka, wakaoa Pwani, wakauza samaki, wakala na watu, na hakuna aliyetulia kuangalia saa ya adhana. Naambiwa pengine al-Owhali alikuwa anarudia tu kitu alichoambiwa ili moyo wake utulie, na inawezekana, lakini hiyo inafanya iwe mbaya zaidi, juu ina maana hata hiyo huruma ilikuwa ya kumtuliza muuaji.

Baadaye hesabu ikabadilika tena. Al-Shabaab walilaumiwa sana kwa kuua Waislamu, kwa hivyo kwa duka la Westgate 2013 wakaanza kuuliza watu shahada ya Kiislamu, na chuo kikuu cha Garissa 2015 wakatenganisha wanafunzi kabla ya kuua watu 148. Unaona vile inaenda, hawaachi kuua, wanarekebisha orodha. Mpaka Desemba 2015 basi la Mandera lilisimamishwa, wakaambiwa Waislamu huku Wakristo huku, na abiria Waislamu wakakataa kutengana, wakasema mtuue wote ama mtuache. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi hapo, akafa mwezi uliofuata. Hiyo ndo fatwa mi naijua ya watu wa kawaida.

Kesi zilikwenda. Wanne walifungwa maisha New York Oktoba 2001, al-Owhali akiwemo. Fazul aliuawa kwenye kizuizi cha barabarani Mogadishu 2011 baada ya kukosea njia, bin Laden mwaka huo huo, Zawahiri Kabul 2022. Sudan ilikubali kulipa dola milioni 335, lakini hayo makubaliano yaliandikwa na Marekani kwa ajili ya watu wake, na Mkenya aliyekuwa tu anapita njia ama anapiga chapa jengo la pili hakuwekwa. Anti ana faili nzima, barua za daktari wa macho, nakala za kitambulisho, fomu alizojaza za kila wakili aliyekuja na matumaini mapya. Ameifunga na raba ya kufungia sukuma wiki.

Jumamosi nilienda kwake Umoja nikamkuta anachambua ndengu kwa ungo, kichwa kimeinama upande wa jicho zima. Nikamsomea hii, hasa pale pa msikiti na saa nne na nusu. Akanyamaza, akatoa kijiwe kimoja akakirusha kwa mlango.

"Kwani hawangeuliza tu mtu?"

Nikamwambia Anti, pengine hawakutaka kujua.

"Mm," akasema, akaendelea na ndengu zake. "Niletee maji hapo kwa sufuria ya kijani, hizi zimechafuka sana."